Udongo Usioozesha Kitambaa

Ninyi vijana wa ukoo wetu mtakaosoma haya mmesoma kuliko mimi, hilo nalijua, hamna haja ya kunikumbusha. Mimi niliishia darasa la tatu, shule ya kule Lukuledi, nikatolewa nikamlee mdogo wangu. Mwandiko ukipinda, someni polepole. Msitafute hapa maneno matamu. Nawaambia jambo moja tu, la kipande cha shamba, nusu eka hivi, na la mtu aliyekitegemea kipande hicho, nalo nililitenda mimi.

Kwetu huku Newala shamba linakwenda upande wa mama. Mama anampa binti kipande, anampa na mbegu kutoka ghala lake mwenyewe. Lakini kauli ya mwisho ni ya mjomba, yaani ndugu wa kiume wa yule mama. Mjomba akiona kipande hakizai mikononi mwa aliyepewa, anaweza kukichukua akampa mpwa mwingine. Haandiki popote. Anasema tu, na likishasemwa limekwisha.

Sasa niwaeleze mkorosho, maana wengine mnakula korosho za kwenye pakiti. Korosho haichumwi. Inaanguka yenyewe na bibo lake, lile tunda laini linaloibeba, wewe unainama unaokota. Ndiyo maana chini ya mkorosho panafagiliwa. Sisi wanawake tulifagia chini ya miti kama tunavyofagia chumba cha mgeni. Majani makavu tunayakusanya, tunayachoma, jivu linakwenda na upepo. Mwanamke alijulikana kwa shamba lake. Wakipita watu njiani wanasema, hapa kwa fulani, ukidondosha sindano unaiona. Mimi kwangu hata sindano ingeona haya kulala pale. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake. Hatukujua kwamba kuna mtu tunamnyang'anya chakula.

Mikorosho yenyewe ilikuwa imetupwa muda mrefu. Watu walipohamishiwa vijijini, miti ilibaki kule porini peke yake, na mnunuzi alikuwa mmoja tu, akitaka analeta gari, asipotaka korosho zinalala. Halafu biashara ikafunguliwa. Ruksa. Malori yakaanza kupanda huku juu kutoka Masasi na kutoka Mtwara, kila lori na tajiri wake, kila tajiri anasifu korosho zetu kama anaposa. Watu wakarudi mashambani, wakafyeka msitu uliokuwa umemeza miti yao. Muuza duka ambaye jana aliuza chumvi na sabuni, leo anauza salfa.

Salfa ni unga wa njano. Mkorosho ukitoa maua unashikwa na ubwiri unga, maua yanageuka meupe kama yamepakwa unga wa muhogo, kisha yanakauka, huokoti kitu. Dawa yake ilikuwa salfa. Inapulizwa alfajiri kabla umande haujaondoka, kwa mashine ya kubeba mgongoni inayonguruma kama pikipiki. Miezi ile ya baridi kijiji kizima kilikuwa kinapiga chafya. Nguo njano, nyusi njano, kuku njano. Tulicheka. Na maua yalipona, siwezi kulikana hilo. Niliezeka nyumba bati kwa korosho za salfa, na ghala nikaliezeka pia.

Hakuna aliyeuliza ule unga usioshika ua unakwenda wapi. Unakwenda chini. Chini kulikuwa kumefagiliwa, hakuna hata jani la kuupokea.

Bati moja la ghala lilipigwa msumari vibaya. Mvua za kwanza zilipoanguka maji yakaingia, yakalowesha mifuko miwili ya salfa niliyoweka akiba. Ikaganda mabonge. Mabonge hayapulizwi. Mtu mwingine angetupa. Mimi sikulelewa kutupa dawa. Nikafikiri hivi: kama inaponya mti, haiwezi kudhuru ardhi inayoshika mti, tena mchwa watakimbia. Kulikuwa na ile nusu eka, nilikuwa nimekata mikorosho mitatu iliyozeeka, pakawa wazi. Nikaponda mabonge kwa mchi, nikamwaga kwa ungo mchana kweupe, nikalima juu yake. Nilikuwa peke yangu. Watoto walikuwa wamekwenda kisimani bondeni, na huku kwetu ukienda maji umekwenda siku nzima.

Mchwa walikimbia kweli. Nikajipongeza.

Mwaka uliofuata, kabla ya mvua, binti yangu wa pili akarudi nyumbani. Alikuwa ameolewa Masasi. Mumewe alioa mke mwingine, kisha akamwambia huyu wangu kuwa nyumba ni nyembamba. Akashuka kwenye gari na watoto wawili, sufuria tatu na godoro lililofungwa kamba. Sikumuuliza mengi. Nilimwambia, chumba cha nyuma kipo, na shamba lipo. Nikampa ile nusu eka, nikampimia mbegu za njugu mawe kutoka ghalani, na kunde kidogo. Nilifanya kama nilivyofanyiwa. Ile salfa ilikuwa imenitoka akilini. Niseme kweli: haikunitoka, ila niliihesabu kuwa ni mbolea niliyomtangulizia.

Binti huyu ni mchapakazi. Naandika sasa, wakati ule sikulisema. Alilima mapema, alipanda kwa mistari, alipalilia mara mbili. Njugu ziliota. Zikafika urefu wa kiganja, zikasimama. Majani yakawa njano, si njano ya kukomaa, njano ya mtoto mwenye minyoo. Alipong'oa, shina zima lina punje mbili, nyingine moja, nyingine ganda tupu. Kunde ndiyo hata sizungumzii.

Nilikwenda kuangalia. Nikang'oa shina moja nikatazama mizizi, maana hilo nilifundishwa na nilimfundisha: mizizi ikiwa na vinundu vinundu, mmea una upele, ung'oe, mizizi ikiwa misafi, mmea mzima. Mizizi yake ilikuwa misafi kama uzi wa kushonea. Nikamwambia mbegu nzima, ardhi nzima, kilichobaki ni mkono wako.

Akaendelea kung'oa. Alikuwa na tabia hiyo ya kutojibu, aliitoa kwa baba yake, ambaye naye alikwisha tangulia.

Mwaka wa pili ikawa vilevile. Nikaanza kusema mbele za watu. Tulikuwa tunabangua korosho kwa jirani, wanawake kama sita, mikono imejaa mafuta ya maganda, mmoja akauliza njugu za mwanangu zimefikaje. Nikasema huyu hata ukimpa kisima atakikausha. Wakacheka. Mwingine akaongeza, labda mume wa Masasi alimfukuza kwa sababu hiyo, chungu hakichemki. Wakacheka tena. Mwanangu alikuwa palepale, anabangua. Alimaliza korosho zake, akajipaka majivu mikononi, akaondoka. Moyoni sikusikia kitu. Nilibaki nikibangua.

Baada ya mavuno yale ndugu yangu akaja. Ni mdogo wangu, yule niliyetolewa shule nimlee, sasa mtu mzima mwenye kofia na baiskeli mpya, ndiye mjomba wa wanangu wote. Akaniamkia, "Shikamoo dada," nikaitikia marahaba, akakaa. Akasema ameyapata maneno, na mimi nilijua ameyapata wapi, maana nimeyatoa mimi. Alisema ardhi imemkataa mtoto. Alisema yupo binti wa dada yetu mwingine, ana nguvu, anataka pale apande miche ya mikorosho, na kila mtu anaona korosho inavyotafutwa. Mkorosho pale ungeshika, njugu hazishiki, sasa tunang'ang'ania nini? Lakini kwa kuwa ni mimi dada yake, atampa msimu mmoja. Njugu zikikataa tena, pale panabadili mwenyewe.

Nilisema sawa.

Alipoondoka mwanangu alikuja jikoni. Alikuwa amesikia, ukuta wetu ni wa udongo. Akasimama mlangoni, akasema, "Mama, pale nikitolewa, mimi na hawa wawili tutakula kwa nani?"

Nikamwambia apalilie mara tatu badala ya mbili.

Sasa nije kwa bwana shamba. Hamkumjua. Alikuwa mfanyakazi wa serikali, ana ofisi, ana baiskeli ya ofisi, ana viatu. Biashara zilipofunguliwa serikali nayo ikapunguza watu wake, na yeye akapunguzwa. Baiskeli ikarudi ofisini, yeye hakurudi kwao. Alibaki huku njia ya Kitangari, akalima kipande chake, akafuga mbuzi wachache. Tuliendelea kumwita bwana shamba, kwa heshima nusu na kwa kejeli nusu. Shamba lake lilikuwa aibu. Majani ya mikorosho yamelala palepale yalipoanguka, mengine ameyalundika kuzunguka mashina, mbaazi zimejiotea katikati, samadi huku, maganda ya muhogo kule. Watu walipaita Jalalani. Akiokota korosho anapekua majani kama kuku. Mashine ya salfa aliiruhusu shambani kwake kwa nadra sana, mti hadi mti, anachungulia ua kwanza.

Mwanangu alikwenda kwake bila kuniambia. Msimu huo wa tatu njugu zilikuwa zimeshafika kiganja na zimeshaanza ile njano yao. Nikamwona anakuja na mwanangu shambani kwangu, mikono nyuma.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Nani kakuita?"

"Njugu," akasema. "Zimeniita tangu njiani, njano ile inaonekana."

Sikucheka. Alikuwa ameshika shina la njugu mawe alilong'oa Jalalani. Akaomba kung'oa na moja la kwetu. Akayaweka juu ya gunia, mizizi kwa mizizi. Ya kwetu misafi. Ya kwake imejaa vinundu kama shanga, vidogo, vya rangi ya udongo.

Nikamwambia lako lina upele, ungelichoma.

Akachukua kinundu kimoja, akakipasua kwa ukucha wa dole gumba, akanionyesha. Ndani kilikuwa chekundu hafifu, kama fizi za mtoto mchanga. Sijawahi kuona kitu hicho, na nimelima njugu tangu niko na meno ya utoto.

"Huu si upele, Mama. Hii ni nyumba. Kuna viumbe wanakaa humu."

Nikatazama. Sikuona kiumbe.

Akasema hawaonekani, hata ungekuwa na macho ya tai, mpaka kwa hadubini, kama ile ya pale hospitali ya Ndanda wanayotazamia damu. Akasema udongo mzima umejaa hao na ndugu zao, makundi makundi, kila kundi na kazi yake. Hawa wa kwenye vinundu wanachukua hewa, wanaigeuza chakula, wanaupa mmea. Mmea nao unawapa utamu wake. Wengine kazi yao ni kuozesha: jani, mzizi, mdudu aliyekufa, wanavirudisha kuwa udongo. Na chakula chao wote ni haya majani mnayoyachoma. Mkifagia mkachoma, mmewanyima. Mkipuliza salfa ikashuka chini kila mwaka, kuna wengine tena wanaoipenda hiyo salfa, wanaila, na wanachotoa ni ukali, ukali kama wa betri ya gari. Udongo unakuwa mchungu. Hao wa nyumba za mizizi hawawezi kukaa kwenye uchungu ule. Wanakufa, au wanahama. Mkorosho ni mti mgumu, unavumilia. Njugu haivumilii.

Alisema yote hayo bila kupandisha sauti, kama mtu anayesoma orodha. Kisha akachukua udongo wetu kiganjani, akaunusa. Akanusa tena. Akauliza, "Mama, hapa pamewahi kumwagwa salfa? Si ya kupuliza. Ya kumwaga."

Mwanangu alikuwa amesimama kati yetu, ameshika lile shina lenye vinundu.

Nikajibu kuwa salfa inapulizwa kila mahali.

Alinitazama kidogo. Hakuuliza tena. Mimi nilikuwa najua nimejibu swali ambalo hakuuliza, na yeye nadhani alijua. Nilijisikiliza kama nitasikia aibu. Hakukuwa na kitu. Mkono wangu ulikuwa unauma tu, kwa sababu ya jembe.

Nikasema mambo ya viumbe wasioonekana nawaachia masheikh na mapadri, na ndugu yangu akija hatapokea ushahidi wa kitu kisichoonekana. Bwana shamba akasema basi atatupa kinachoonekana. Akaomba kitambaa cha pamba tupu. Nilikuwa na shuka jeupe la zamani, nikalichana vipande viwili sawasawa. Akasema kimoja kifukiwe Jalalani na kingine hapa, kina cha kutoka ncha za vidole mpaka kifundo cha mkono, na visiguswe mpaka njugu zing'olewe. Kama kuna wanaoozesha, wataozesha. Kama hawapo, tutaona. Mwanangu alifukia vyote viwili kwa mkono wake, akachomeka kijiti.

Kisha bwana shamba akamwambia alete majivu ya jikoni anyunyize kidogo kidogo, asichome tena, akaombe samadi kwake, apande mbaazi kandokando. Akasema haitakuwa mwaka huu. Labda si mwaka kesho. Ardhi haikimbizwi.

Mwanangu akaanza siku ile ile. Alibeba majivu ya nyumba yetu, akabeba ya majirani, kwa karai, kichwani. Wanawake wakamwuliza anakwenda kuoga nayo. Mmoja akasema kweli amekwisha, sasa analima kwa jivu. Mimi nilipita nikamwona ameinama, ana kipande cha khanga puani, mikono myeupe mpaka viwiko. Nilikuwa na la kusema. Nikapita.

Tena nilipita mara nyingi. Kila mara nilijiambia leo nitamwambia, mifuko ile miwili niliimwaga mimi. Si jambo kubwa kulisema. Ni maneno machache. Lakini nilikuwa nimeshasema mengine mengi mbele za watu, na haya machache hayakupata pa kupita. Msije mkadhani nililia. Nilipika, nilifagia, niliteka maji zamu yangu. Nilikula vizuri.

Njugu zikang'olewa mwezi wa tano. Zilikuwa nafuu kuliko miaka miwili ya nyuma, lakini nafuu hiyo haijazi debe. Ndugu yangu akaja kama alivyosema, na yule mpwa mwingine nyuma yake, ana panga la kukatia vigingi vya mipaka. Ilikuwa asubuhi. Bwana shamba naye alikuja, mwanangu alikuwa amemwomba. Majirani wawili watatu wakajisogeza, huku kwetu hakuna ukoo unaokaa kikao peke yake.

Bwana shamba akawaeleza yote aliyotueleza sisi, ya viumbe na ya vitambaa, kisha tukaanza Jalalani, maana ndiko karibu na njia. Mwanangu akafukua penye kijiti. Akachimba, akachambua udongo kwa vidole. Ulikuwa mweusi, una minyoo. Kitambaa hakikuwepo. Alipata nyuzi za pindo, zile za nailoni za kushonea, na kijipande kama kucha, chenye matundu. Ndugu yangu akauliza una hakika kilifukiwa hapa. Mwanangu akamwonyesha nyuzi.

Tukaenda kwangu. Akafukua. Udongo ulikuwa mkavu, mwepesi, unateleza kama chenga za mahindi. Kitambaa kikatoka kizima. Kina madoa ya njano, lakini kizima, pembe zake nne. Akakikung'uta. Jirani mmoja akasema hicho unafua unavaa Idi.

Ndugu yangu akakichukua. Akakivuta pande mbili kuona kama kitachanika. Hakikuchanika. Akakinusa, akasema kinanuka kiberiti. Nilimfahamu, nilimbeba mgongoni, nilijua anapofikiri anasogeza kofia. Akaisogeza.

Nilidhani ataelewa. Na alielewa, lakini kwa upande mwingine. Akamgeukia mwanangu akasema:

"Basi bwana shamba kasema kweli. Ardhi imeuawa. Na aliyekuwa analima hapa miaka mitatu ni wewe. Umeifanya nini ardhi ya bibi zako?"

Mwanangu akasema hakufanya kitu, mjomba.

Akamwambia udongo haujimwagii dawa wenyewe. Yule mpwa mwingine akasema labda ni yale majivu. Jirani akasema ndiyo, majivu, tulimwona sisi. Bwana shamba akafungua mdomo kueleza kwamba majivu ni kinyume chake, ndugu yangu akamnyamazisha kwa kiganja, akamwambia hili sasa ni la ukoo, Bwana. Mwanangu alikuwa bado amechuchumaa kwenye lile shimo. Hakunitazama mimi. Laiti angenitazama. Alitazama shimo.

Nikasema, "Muache. Nilimwaga mimi."

Ndugu yangu akasema, "Ulimwaga nini, dada?"

"Salfa. Mifuko miwili. Iliyolowa ghalani. Mwaka mmoja kabla hajarudi."

"Na yeye alijua?"

"Hakujua."

"Na wewe ulijua miaka yote mitatu, na wewe ndiye uliyekuwa unamwita mkausha kisima?"

"Ndiyo," nikasema. "Ni mimi."

Hakuna aliyecheka. Yule mwanamke aliyesema habari za chungu hakichemki alikuwepo, akaanza kuangalia kucha zake. Bwana shamba alitazama miguu yake. Nilingoja nipate kitu moyoni, hata uzito, hata nafuu. Nilisikia jua kisogoni tu.

Mwanangu akainuka. Alichukua kile kitambaa mikononi mwa mjomba wake, akakikunja mara mbili, mara nne, akakiweka juu ya karai. Hakuniambia neno. Siku ile hakuniambia, na zilizofuata pia hakuniambia, mpaka nikaacha kungoja. Mpaka leo ananiamkia, ananiletea maji ya kuoga, ananipikia uji nikiumwa. La kitambaa hatujalizungumza.

Ndugu yangu akanivuta pembeni. Akasema kwa sauti ya chini kwamba kosa si la mtoto, amekubali, lakini ardhi ndiyo imekwisha kufa, na mpwa mwingine yuko tayari, na mkorosho utavumilia, bwana shamba kasema mwenyewe. Akasema tukubali tu, dada, tusipoteze mahali. Huyu tutamtafutia siku za mbele. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anafanya kazi yake ya mjomba.

Nilikuwa na shamba lingine, ninyi mnalijua, lile la nyuma ya nyumba. Alinipa mama yangu. Hakuna mkorosho mle, halikupulizwa, ni muhogo, njugu na mahindi, na ndilo lililokuwa linanilisha. Kwa desturi mama halitoi hilo mpaka amezeeka hawezi kuinama. Mimi nilikuwa bado nainama.

Nikarudi nyumbani mbele yao wote. Nikawaita wa nyumbani waje uani: wanangu, wajukuu waliokuwepo, na ndugu yangu akiwa amesimama na baiskeli yake asikie. Nikawaambia:

"Kuanzia leo shamba la nyuma ni la huyu, na mbegu zote za ghalani ni zake, asipimiwe na mtu. Lile lililokufa nimelirudisha kwangu, nitalilima mimi mpaka liozeshe kitambaa. Mtu asikanyage kule na salfa, wala na moto. Haya, leteni jembe langu."